Kuchagua mashine ya upau wa visu kwa trekta lako: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Lubumbashi na pembezoni mwake

Nyasi za Haut-Katanga hazimsubiri mtu. Mwezi wa Machi zinachanua, Aprili mvua inaanza kukatika, na ukifika Juni shina limekauka kiasi kwamba ng'ombe analipita akitafuta kitu kingine. Anayefuga upande wa Kipushi, barabara ya Likasi au njia ya Kasenga ana majuma machache tu ambayo majani bado yana chakula ndani yake na jua la kuyakausha limeshapatikana. Akichelewa, moto wa pori unamtangulia, na ng'ombe wanakonda hadi mvua za Novemba.

Mashine inayofaa kazi hii kwa trekta dogo au la wastani ni ile ya upau wa visu. Ni upau mrefu wa chuma unaotokeza upande wa kulia wa trekta, chini kabisa karibu na udongo. Juu yake zimepangwa ncha za chuma zinazotazama mbele, nazo huitwa vidole. Ndani ya vidole hivyo kisu chenye meno ya pembetatu kinakwenda kushoto na kulia kwa kasi kubwa. Kila jino linapovuka ukingo wa kidole, shina lililo katikati linakatwa kama kwa mkasi na kulala chini likiwa zima.

Kabla ya hatua zote, shika jambo hili: mashine hii inanunuliwa kwa jino lake. Upana, rangi, jina la kiwanda na mwaka wa kutengenezwa vinakuja baada ya swali la kama meno, vidole na bieli yake (ule mti unaosukuma na kuvuta kisu) utavipata ukiwa Lubumbashi, mwezi wa Aprili, siku mbili baada ya kugonga kisiki. Nimeona mashine nzuri sana zimelala chini ya miembe kwa kukosa kipande cha chuma kinachoingia mfukoni.

Hatua ya kwanza: hakikisha ndiyo mashine unayoihitaji

Wengi wetu tunaijua zaidi mashine ya kuponda majani, ile yenye mapanga yanayozunguka chini ya sahani nzito. Hiyo ni nzuri kwa kusafisha vichaka, kando za njia na shamba lililoachwa. Kwa majani ya akiba haifai: inayakatakata, inayachanganya na vumbi, na sehemu kubwa ya majani mabichi, ambayo ndiyo chakula chenyewe, inapotea wakati wa kukusanya.

Ya pili ni mashine ya sahani, yenye visahani kadhaa vinavyozunguka kwa kasi, kila kimoja na vijisu viwili au zaidi. Inakata haraka, kilomita 10 hadi 15 kwa saa, na haizibwi kirahisi na majani yaliyolala. Lakini inadai nguvu. Kwa makadirio ya wahandisi wa mashine za kilimo, mashine ya sahani inahitaji kama kilowati 5 kwa kila mita ya upana, na upau wa visu kama kilowati 1.2 tu. Kwa upana wa mita 2.1, hiyo ni kilowati zipatazo 10.5 dhidi ya 2.5. Tofauti hiyo unailipa kwa mazutu kila siku ya kazi, na unailipa mara ya pili unaponunua, kwa kuwa mashine ya sahani ni nzito na ghali zaidi.

Basi upau wa visu unamfaa mwenye trekta la nguvu za farasi 30 hadi 60, mwenye hekta chache hadi makumi machache, anayetaka shina likatwe safi ili lichipue tena. Unafaa pia kwenye mteremko na kingo za mifereji, maana katika mashine nyingi upau unaweza kuinuliwa au kushushwa kwa pembe upande mmoja wakati trekta liko kwenye ardhi tambarare. Mwenye hekta mia na trekta kubwa aangalie mashine ya sahani. Mwenye nusu hekta kwenye mlima, kama ndugu zetu wa Masisi au Walungu, afikirie trekta la magurudumu mawili lenye upau mbele. Kanuni za meno nitakazoeleza zinamhusu na yeye.

Hatua ya pili: tembea shamba kabla ya kutembelea muuzaji

Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo inayoua mashine.

Shamba letu lina vichuguu. Vile vikubwa, vinavyoweza kupita mita 5 kwenda juu, havina hatari kwa upau kwa sababu dereva anaviona na kuvizunguka. Tabu yake iko chini: mvua inaubomoa udongo wake mwaka baada ya mwaka, ukatengeneza pete ya mteremko kuzunguka kichuguu. Upau mrefu ukipita pale, ncha ya nje inachimba udongo na upande wa ndani unakata hewani. Vichuguu vidogo vya magotini ndivyo vibaya hasa. Vimefichwa na nyasi, udongo wake ni mbichi na una mchanga ndani, na mchanga ukiingia kati ya jino na kidole unasaga makali yote mawili kwa muda mfupi mno.

Halafu kuna visiki. Mashamba mengi ya pembezoni yalikuwa miombo iliyokatwa kwa ajili ya makala. Mchoma makala anakata mti urefu wa goti au chini kidogo, anaondoka, na kile kisiki kinachipua. Ukifika wakati wa nyasi, unachoona ni majani tu. Upau wa visu umetengenezwa kukata nyasi na mashina laini. Mimi natumia kipimo kimoja: chochote kigumu kilicho kinene kuliko kidole gumba kinatolewa kwa shoka au jembe kabla ya mashine kuingia.

Tembea shamba lote mwishoni mwa kiangazi, Agosti hadi Oktoba, ardhi ikiwa wazi. Beba chokaa na miti mirefu. Visiki ving'olewe au vikatwe usawa wa ardhi. Vichuguu vidogo vibomolewe na udongo wake usambazwe. Kisichoondoka, kama jiwe kubwa, kisimikiwe mti ulio mrefu kuliko nyasi zitakavyokuwa Machi, na ncha yake ipakwe chokaa. Nyasi za asili za huku zinapita kichwa cha mtu kwa urahisi, kwa hiyo mti wa mita moja ni kazi bure.

Wakati unatembea, hesabu vichuguu vikubwa katika hekta moja na angalia nafasi iliyopo kati yao. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia upana wa mashine. Shamba lenye vichuguu vilivyokaribiana linataka upau mfupi wa mita 1.5. Shamba lililolimwa, likasawazishwa na kupandwa nyasi za Rhodes au Brachiaria linaweza kubeba mita 2.1 au zaidi.

Hatua ya tatu: hesabu majani, kisha upana

Chukua mfano wa mfugaji mwenye ng'ombe 20 wa kilo 300 kila mmoja. Ng'ombe anakula chakula kikavu cha karibu asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 7.5. Tuseme majani ya akiba yatampa nusu na nusu nyingine ataitafuta malishoni, kwa siku 150 za kiangazi. Hiyo ni kilo 562 kwa kila ng'ombe, au tani 11 na kidogo kwa kundi zima. Ongeza kile kinachokanyagwa na kuoza, fanya tani 13.

Shamba lako linatoa kiasi gani? Usikisie. Tengeneza fremu ya miti yenye upande wa mita moja, itupe sehemu kadhaa bila kuchagua, kata majani yaliyo ndani yake kwa urefu ambao mashine itakata, yakaushe juani hadi yasipungue tena, kisha pima. Ukipata wastani wa gramu 250, una tani 2.5 kwa hekta. Kwa tani 13 unahitaji hekta 5 na ushee.

Sasa kasi. Zidisha upana wa upau kwa mita na mwendo kwa kilomita za saa, gawanya kwa 10, kisha punguza kwa sababu ya kona na kusimama. Upau wa mita 1.5 kwa mwendo wa kilomita 6, ukibakiza asilimia 60 kwa ajili ya vichuguu, unakata hekta 0.54 kwa saa. Hekta 5 zinaisha kwa saa 9 au 10. Upau wa mita 2.1 katika shamba safi, ukibakiza asilimia 75, unakata karibu hekta 0.95 kwa saa.

Angalia matokeo hayo vizuri. Mwenye ng'ombe 20 anamaliza kazi kwa siku mbili na upau mdogo kabisa unaouzwa. Kinachomchelewesha ni kugeuza, kukusanya na kubeba tani 13 kabla mvua ya mwisho haijapita, na kazi hiyo upau mpana hauipunguzi hata kidogo. Fedha inayobaki kwa kununua upau mfupi iende kwenye reki, uma za majani na banda.

Hatua ya nne: pima trekta lako

Nguvu haitakuwa tatizo. Angalia mengine.

Mhimili wa nguvu wa nyuma, ule unaovishwa kardani (shafti inayopeleka nguvu kwenye mashine), uwe unatoa mizunguko 540 kwa dakika. Mhimili wa kawaida wa kasi hiyo una kipenyo cha karibu milimita 35 na meno 6. Hesabu meno hayo kwa macho yako, kwa sababu kuna matrekta yenye mhimili wa mizunguko 1,000 wenye meno 21, na kardani yake haiingiliani.

Muulize makanika kama mhimili huo unaendelea kuzunguka ukikanyaga klachi nusu. Katika baadhi ya matrekta ya zamani, ukikanyaga klachi magurudumu na mhimili vinasimama pamoja. Kwa upau wa visu hilo ni tatizo kubwa: majani yanapojaa, unataka trekta lisimame na kisu kiendelee kujisafisha. Trekta lenye klachi ya hatua mbili au klachi ya peke yake ya mhimili linakuokoa hapo mara nyingi kwa siku.

Kisha pini za mikono ya kunyanyulia. Matrekta madogo yanatumia pini za milimita 22 chini na 19 juu. Ya kundi linalofuata yanatumia 28 na 25. Bushi za kupunguza tundu zinapatikana kwa bei ndogo, lakini pini nyembamba ndani ya tundu pana bila bushi itavunja kitu. Minyororo ya kuzuia mikono isiyumbe iwepo na ikazwe kabisa, kwa kuwa upau unavuta upande mmoja na mashine ikiyumba upau hautakaa mahali pake. Angalia pia kama mashine inainuliwa na mikono ya trekta peke yake au inahitaji mpira wa haidroliki, na kama trekta lako lina mdomo wa kuunganishia.

Mwisho, weka gurudumu la kulia mahali pake. Linapaswa kupita upande wa ndani wa kiatu cha ndani cha upau (kile kipande cha chuma kinachoteleza ardhini na kubeba upau), lisikanyage majani yaliyosimama. Matairi mapana au magurudumu yaliyotanuliwa yanaweza kuzidi kiatu hicho. Pima kutoka katikati ya trekta hadi ukingo wa nje wa tairi, halafu upime mashine.

Hatua ya tano: chagua namna kisu kinavyosukumwa

Kuna namna tatu, na maoni yangu ni ya wazi.

Ya kwanza ni bieli: gurudumu zito linazunguka, na mti mrefu uliofungwa pembeni mwake unasukuma na kuvuta kisu. Inatikisika, ina kelele, na mwendo wa trekta hauzidi sana kilomita 6 hadi 8. Lakini fundi yeyote wa Lubumbashi ataielewa kwa kuiangalia. Katika mashine nyingi za zamani bieli ni ya mti mtupu, na hilo ni jema: kisu kikikwama, mti unavunjika kabla chuma hakijavunjika, na seremala anaweza kutengeneza mwingine kwa mti mgumu, mkavu, usio na fundo. Chonga mitatu kabla ya msimu.

Ya pili ina sanduku lililofungwa lenye mafuta ndani, linalobadilisha mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi bila bieli ndefu. Inatulia zaidi na inavumilia mwendo wa kasi. Sanduku hilo likiharibika, beringi na vipande vyake lazima viagizwe. Inunue ikiwa mpya au karibu na mpya, na ikiwa muuzaji anaweza kukuonyesha vipuri kwa mkono.

Ya tatu ni visu viwili, kimoja juu ya kingine, vinavyokwenda kinyume, bila vidole. Viwanda vya Ulaya kama Busatis cha Austria na BCS cha Italia vinajulikana kwa aina hii. Haizibwi na majani laini yaliyolala, haitikisiki sana, inakata vizuri ajabu. Kwa shamba lenye vichuguu na vijiwe siishauri, maana hakuna kidole cha kulinda jino, visu vyote viwili vinahitaji kunolewa kwa pembe sahihi, na mara nyingi kwa mashine maalumu. Mwenye shamba la nyasi zilizopandwa, safi kabisa, aifikirie.

Kwa mfugaji wa kawaida wa huku, chukua ya bieli yenye vidole.

Hatua ya sita: jino

Wazo la kisu chenye meno kinachokwenda na kurudi kati ya vidole ni la zamani. Huko Marekani, Obed Hussey alipata hataza ya mashine yake ya kuvuna mwaka 1833, na Cyrus McCormick ya kwake mwaka 1834. Faida yetu leo ni kwamba baada ya karibu miaka 200 viwanda vingi vimekubaliana juu ya kipimo kimoja: kutoka katikati ya jino hadi katikati ya jino jingine ni inchi 3, yaani milimita 76.2. Meno ya mashine za kuvuna nafaka mara nyingi yana kipimo hichohicho. Kwa hiyo hata pasipo wakala wa mashine yako mjini, anayehudumia mashine za kuvuna soya, huku au ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, anaweza kuwa na jino lako.

Anaweza, na hapo ndipo rula ya chuma inapohitajika. Ng'oa jino moja la mashine unayotaka kununua na upime mambo manne: upana wa kitako, umbali kati ya matundu mawili, kipenyo cha matundu, na unene wa bamba. Meno mawili yenye upana uleule yanaweza kutofautiana matundu kwa milimita chache, na hayo yakikataa hakuna cha kufanya. Andika vipimo kwenye karatasi, piga picha jino likiwa juu ya rula, uzunguke nayo madukani. Tuma picha kwa yeyote anayeleta mizigo kutoka Dar es Salaam, Lusaka au Durban. Ikiwa hakuna anayelijua, achana na mashine hiyo hata kama ni ya bei ya kutupa.

Meno ni ya aina mbili. Laini yana ukingo mtupu, yanakata nyasi changa vizuri na yananolewa kwa tupa au jiwe mara nyingi. Yenye mikwaruzo, kama msumeno mdogo, yanashika shina gumu na kavu lisiteleze. Usiguse upande wenye mikwaruzo kwa jiwe la kunolea. Kwa nyasi zetu, ambazo shina lake hukomaa haraka, mimi naweka yenye mikwaruzo ikiwa nakata Aprili mwishoni, na laini ikiwa nakata mapema. Kama unanunua aina moja tu, nunua yenye mikwaruzo.

Jino linafungwa kwa riveti au bolti. Riveti inakaa imara lakini kuibadilisha shambani kunataka nyundo, kitu kizito cha kupigia na mkono uliozoea. Bolti inatoka kwa spana. Kabla ya kubadilisha riveti kuwa bolti, sukuma kisu polepole uone kama vichwa vya bolti vinapita bila kugusa vidole na vikandamizi (vipande vya chuma vinavyokizuia kisu kisiinuke); katika baadhi ya mashine nafasi hiyo haipo.

Upau wa mita 1.5 una meno kama 20, na wa mita 2.1 kama 28. Usitoke dukani bila seti moja nzima ya meno, riveti au bolti zake, vidole vinne au vitano, na kama fedha inaruhusu, kisu cha pili kilicho kamili. Kisu cha pili ndicho kipuri chenye thamani kuliko vyote: unachomoa kilichopoteza makali, unachomeka kikali, na msaidizi ananoa chini ya mti wakati trekta linaendelea.

Kuhusu meno ya kukatwa na kufuliwa mjini kutoka chuma cha springi za gari: yanaweza kukumalizia siku. Usiyategemee msimu mzima. Chuma hicho kikipashwa moto bila kipimo kinakuwa laini au kinavunjika kama kigae, na kipande kinachoruka ni hatari kwa miguu. Usichomelee jino lililopasuka; joto la kuchomelea linaondoa ugumu wa ukingo.

Hatua ya saba: kagua mashine iliyotumika

Mashine nyingi zitakazokujia ni za okazioni. Nenda na fundi wako, glovu nene na tochi, asubuhi.

Trekta likiwa limezimwa, inama ukatazame kwa jicho moja kutoka ncha ya nje ya upau. Ncha zote za vidole zinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja. Kimoja au viwili vilivyoinama si kitu, vinanyooshwa kwa nyundo au kubadilishwa. Upau wenyewe ukiwa umepinda, rudi nyumbani.

Fungua bieli na uvute kisu kwa mkono kutoka kwenye kichwa chake, mkono mwingine ukiwa mbali na meno. Kiteleze chote bila kukwama. Chunguza kiungio cha kichwa cha kisu: ukikishika na kukitikisa, kisigonge ndani. Hapo ndipo uchakavu unapoanzia, na kichwa kilicholegea kinakata kisu chenyewe vipande viwili.

Tazama ndani ya kidole. Juu ya sehemu inayopitwa na jino kuna kibamba kigumu chenye ukingo. Pitisha ukucha. Ukingo ukiwa umeviringika, mashine haitakata hata ukiweka meno mapya, kwa sababu jino linahitaji ukingo wa pili wa kukatia. Vibamba vinabadilishwa katika vidole vingine. Katika vingine kidole chote kinaondolewa. Uliza kabla ya kukubaliana bei, halafu zidisha kwa idadi ya vidole.

Shika ncha ya nje ya upau, isukume mbele na nyuma. Ikicheza sana, pini na bushi za upande wa ndani zimekwisha. Kisha jaribu kifyatuo cha usalama, kile kinachoachia upau urudi nyuma ukigonga kitu. Kwenye mashine zilizolala muda mrefu kimeshikwa na kutu, au mtu amekifunga kwa waya. Lazima kifunguke.

Sasa washa. Anza polepole, panda hadi mizunguko 540, sikiliza. Mlio wa chuma kwa chuma unaorudia mahali palepale ni kidole kimoja; mlio unaoongezeka na kasi ni beringi. Baada ya hapo omba ikate nyasi halisi, walau mita 50, na upige magoti uangalie kilichobaki. Vishina vyenye kichwa safi, vyote urefu mmoja, ni dalili njema. Mstari mwembamba wa nyasi zilizosimama kufuata njia ya mashine unaonyesha jino au kidole fulani hakifanyi kazi. Vishina vilivyochanika na kung'olewa mizizi vinasema kisu kimeinuka juu ya vibamba, na vikandamizi vinahitaji kurekebishwa. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekwisha kujibu swali lako.

Hatua ya nane: rekebisha kabla ya hekta ya kwanza

Mashine ikifika nyumbani, vipimo vinne.

Ncha ya nje itangulie mbele kidogo kuliko ya ndani, karibu sentimita 2 kwa kila mita ya upau. Wakati wa kukata, uzito wa majani unairudisha nyuma na upau unanyooka.

Zungusha kwa mkono hadi kisu kifike mwisho wa mwendo wake, upande mmoja kisha mwingine. Kila mara katikati ya jino ikae sawa na katikati ya kidole. Ikizidi upande mmoja, rekebisha urefu wa bieli au mahali pa upau kulingana na mashine.

Vikandamizi vilivyo juu ya kisu visikibane na visikiache kiinuke. Nafasi ya unene wa karatasi ngumu inatosha. Gonga kikandamizi kidogo kidogo kwa nyundo, na baada ya kila kimoja sogeza kisu kwa mkono.

Urefu wa kukata unawekwa kwa viatu viwili vya upau. Kwa nyasi zetu za mafungu weka sentimita 10 hadi 15. Ukishuka zaidi, unakata kitovu ambacho nyasi inachipukia, unaingiza udongo kwenye majani, na unakutana na vijiwe vyote ambavyo hukuviona.

Usalama

Kisu kinakata hata trekta likiwa limezimwa, ukisukuma gurudumu la bieli. Majani yakiziba: ondoa mhimili wa nguvu kwenye gia, zima injini, toa ufunguo, ndipo ushuke. Tumia kijiti kutoa majani, kamwe usitumie mkono. Kifuniko cha kardani kiwepo na kisizunguke nayo. Nguo iliyonaswa na kardani inamvuta mtu kabla hajapiga kelele. Watoto wanaopenda kufuata trekta wabaki mbali, na mbwa pia. Njiani, upau usimamishwe na kufungwa kwa pini yake ya chuma, na meno yafunikwe kwa ubao au gunia nene.

Siku ya kukata na baada yake

Ingia umande ukishakauka. Majani mabichi yenye maji yanaziba vidole. Kata kiasi ambacho watu wako wanaweza kugeuza na kukusanya, usizidishe. Majani yaingie bandani yakiwa na maji chini ya asilimia 20: sokota konzi moja kwa nguvu, likitoa unyevu au likabaki limejikunja, majani bado hayajakauka. Yakifungiwa mabichi yanapata joto ndani, yanaota ukungu, na rundo kubwa linaweza kujiwasha moto.

Grisi na mafuta ya kisu yawekwe kila baada ya saa chache, meno yaguswe kwa tupa kila mapumziko (si upande wenye mikwaruzo), na jino lililovunjika libadilishwe palepale kwa sababu linaharibu kidole chake.

Msimu ukiisha, chomoa kisu, kisafishe, kipake oili chafu, kilaze juu ya ubao ulionyooka mahali ambapo hakuna atakayekikanyaga. Kisha hesabu meno yaliyobaki, na uagize yaliyopungua mwezi uleule wa Mei, maana mzigo wa Dar es Salaam unakatiza Zambia nzima na kusimama Kasumbalesa kabla ya kukufikia, na Aprili haiahirishwi.